Kwa nini bisibisi ya nyota huruka na kula kichwa cha skrubu?

Inasimuliwa sana gereji kwamba bisibisi ya nyota iliundwa iruke makusudi: skrubu ikishakaza vya kutosha, ijichomoe kabla uzi haujakatika. Maelezo hayo yanavutia, lakini hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, za mwaka 1936, hazikujengwa juu ya kuruka. Zinasifu bisibisi inayojiweka yenyewe katikati ya skrubu na kushika imara. Viwanda vya magari vilitaka hasa hicho, na General Motors ikawa miongoni mwa wa kwanza kuitumia, kwenye Cadillac. Kuruka kunakuja kutajwa kama faida katika hataza nyingine, ya 1949. Huenda tabia ilionekana kwanza kazini, kisha ikapewa sifa. Kuiita nia ya tangu mwanzo ni kupindua miaka.

Kinachoirusha ni mteremko. Kuta za lile tundu la msalaba kichwani mwa skrubu hazikusimama wima, zimeinama kuelekea ndani. Bana mbegu ya chungwa iliyolowa kati ya vidole viwili: hujaivuta, umeibana tu, lakini inachomoka, kwa sababu pande zake zimeinama na nguvu ya kubana inageuka msukumo wa kwenda nje. Bisibisi ndiyo mbegu, kuta za skrubu ndizo vidole. Ukizidi kuzungusha, inazidi kusukumwa nje, na tegemeo kubwa la kuizuia ni mkono wako unaokandamiza. Ikishapanda kidogo inashika kingo za juu peke yake, inazikwangua, na skrubu imeliwa.

Kwenye magari na pikipiki za Japani kuna jambo la ziada. Skrubu zake nyingi zimefuata kipimo cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani), ambacho kwa macho ni nyota ileile, ila pembe zake ni tofauti kidogo. Ncha ya Phillips, yaani nyota ya kawaida, hugota kabla haijakaa sawasawa. Tazama kichwani: kitone kidogo ni alama ya JIS, ingawa si kila skrubu ya aina hiyo inacho. Bisibisi ya JIS kwa kawaida huingia vizuri kwenye zote mbili.

Torx, skrubu yenye tundu la nyota ya pembe sita, ya 1967, ina kuta zilizo karibu wima, kwa hiyo msukumo huo unabaki mdogo sana.

Kwa zile skrubu sugu za diski ya breki kwenye Honda, chukua ncha namba 3 na bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Kila pigo huigeuza ncha na kuishindilia ndani kwa wakati mmoja.