Dawa Kali ya Kunguni: Swali Lililonichosha

Mwezi uliopita mama mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi, na salamu zilipokwisha akaniuliza lile swali ninaloulizwa kila wiki: "Fundi, unayo ile dawa kali?" Alikuwa amekwisha kupulizia mara tatu, kwa dawa tatu tofauti, na ya mwisho ilinuka kiasi kwamba watoto walihamishiwa sebuleni kwa siku mbili pamoja na shuka zao. Sasa kunguni walikuwa chumbani na kwenye makochi pia. Kwa maoni yake, dawa zilishindwa kwa sababu bado hajaipata iliyo kali.

Nilimwomba anitumie picha za chupa. Ya kwanza ilikuwa saipamethrini, ya pili deltamethrini, ya tatu lambda-sihalothrini: vibandiko vitatu, bei tatu, ukoo mmoja. Zote ni pairethroidi, sumu zilizobuniwa kwa kuiga ile ya maua ya pareto, na kunguni ambaye mwili wake umepata usugu dhidi ya mojawapo mara nyingi huzivumilia na nduguze. Huu si uvumi wa mafundi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Tanzania, yakionyesha usugu wa kunguni wa nchi za joto, Cimex hemipterus, mahali palipotumika vyandarua vyenye dawa ya kundi hilohilo. (Tafadhali asitokee mtu wa kung'oa chandarua kwa sababu yangu. Malaria inaua, kunguni, pamoja na udhia wake wote, hajathibitika kuwa msambazaji wa ugonjwa kwa binadamu.) Kwa hiyo kuongeza kipimo maradufu, au kuchanganya na mafuta ya taa kama nilivyowahi kukuta Mabatini, humletea mwenye nyumba kikohozi na hatari ya moto, huku kunguni sugu akiendelea na shughuli zake. Harufu nayo isikudanganye, kwa kuwa mara nyingi hutoka kwenye kiyeyusho, yaani kimiminika kilichoyeyushiwa sumu, na wala si kwenye sumu yenyewe.

Je, fundi anajuaje kwamba kunguni wa nyumba hii ni sugu? Kwa hakika, hajui. Mimi huwafungia wachache katika kopo lenye karatasi iliyopuliziwa dawa ninayokusudia kuitumia, kisha nikawatazama kesho yake. Hiyo si maabara, na imewahi kunidanganya. Wakisalia hai, natafuta dawa ya kundi jingine iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye maelezo yanayoruhusu kutumika ndani ya nyumba.

Hata dawa inayofaa haina maana ikiwa haimfikii mdudu. Pairethroidi huwakera kunguni kabla ya kuwaua, nao hukimbilia kwenye dari, kwenye swichi, na kwa mpangaji wa chumba cha pili. Mayai, ambayo hubandikwa katika mishono ya godoro na nyufa za chaga, hustahimili dawa nyingi na huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana sikubali kazi ya mara moja. Mteja anayenipunja bei kwa kufuta ziara ya pili amenunua mapumziko ya siku kumi tu.

Joto, kwa upande mwingine, halijali usugu wala yai, mradi nyuzi 50 za Selsiasi zifike na kudumu pale mdudu alipo. Shuka na nguo zilowekwe katika maji ya moto. Chaga zifunguliwe na kumwagiwa maji yanayochemka, nyufa kwa nyufa, tundu la msumari kwa tundu la msumari. Kuanika godoro juu ya mawe yetu ya Mwanza ni jambo jingine: upande wa juu huungua mkono, lakini ndani ya sponji na upande wa chini hubaki vuguvugu, na kunguni ana miguu ya kuhamia huko.

Kuhusu vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo wapo wanaovitumia kuulia kunguni, sitabishana na mtu. Hutoa gesi ya fosfini, gesi hiyo hupenya hadi chumba cha jirani, na watu wamekufa usingizini. Usivitie ndani ya nyumba ya kulala, hata kimoja. Na wenzangu mnaosuuza mabomba ya mgongoni kwenye Mto Mirongo, mnajua maji yale yanaishia ziwani, na mnajua pairethroidi huwafanya nini samaki.

Kwa yule mama tulifungua vitanda vyote, tukachemsha maji masufuria kwa masufuria, tukaziba nyufa, kisha tukapiga dawa ya kundi jingine kwenye maficho peke yake. Siku ya kumi na nne nilikuta tunutu wawili, yaani kunguni wachanga, nyuma ya ubao wa kichwani. Huenda walitoka katika mayai tuliyoyakosa, au walipita ukutani kutoka kwa mpangaji wa pili, ambaye mara zote mbili alikataa kutufungulia mlango akisema kwake hakuna kunguni. Tulirudia kazi, na ziara ya tatu nimeipanga Jumamosi.