Anga safi na korongo kavu: mafuriko hutoka wapi?

Wengi wanaopiga kasia na watoto siku tatu nne kwenye mto Green, jangwani Utah, Marekani, huamini kuwa anga likiwa jeupe hakuna mafuriko. Basi korongo kavu la pembeni, lenye mchanga laini na kivuli, huonekana pazuri pa kupiga hema. Si ajabu: mto wenyewe, pale Labyrinth Canyon, ni mpole mno.

Ila maji ya korongo hayasubiri mvua inyeshe juu ya hema lako. Mvua ya radi ikinyesha mbali huko nyanda za juu, mwamba mtupu haunywi maji. Maji yote hukimbilia kwenye njia ileile nyembamba. Waliokulia kando ya mito ya msimu, Dodoma au Turkana, wanalijua hili. Huko Utah dhoruba hizo huja zaidi Julai hadi Septemba.

Kabla ya kushusha mizigo, tazama vichaka: vijiti na nyasi kavu zilizonasa usawa wa kifua zinaonyesha maji yalipofika. Utabiri usome wa eneo lote la juu, tena kabla ya kuondoka, maana korongoni simu hukosa mtandao. Na mtumbwi ufungwe, hata usiku wa nyota.