Nyimbo za Shetani na nyimbo za kishetani

Kijana anayeninyoa hapa Section 58, Nakuru, amepanga kwenye simu yake nyimbo kumi na mbili zinazosimulia kisa kimoja: Shetani anafika mjini, anafanya biashara na watu, anajisifu, mwishowe anashindwa. Wiki jana mteja mmoja, mzee wa kanisa ninayemheshimu sana, aliinuka kitini ndevu zikiwa zimenyolewa nusu, akasema hawezi kukaa mahali panapopigwa nyimbo za kishetani. Siku mbili baadaye nikalisikia neno hilohilo kwenye matatu ya Kisumu, safari hii likirushiwa wimbo wa benga ambao Shetani hakutajwa hata mara moja. Nikaona basi, tuelewane.

Kishetani ni kwa namna ya Shetani, kwa tabia yake. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Hiyo ki- ndiyo iliyomo katika kitoto, kihuni na kifalme. Nguo za kifalme anaweza kuzivaa bwana harusi wa Njoro ambaye hajawahi kumwona mfalme. Ki- inataja mtindo tu. Anayezungumziwa tunamwachia -a unganifu, ile iliyomo katika ya, wa na za, na hapo ndipo watu wanapogombana, maana -a ni ndogo lakini ina kazi nyingi mno. Picha ya mama ni ile aliyopigwa, aliyoipiga, au aliyoinunua akaitundika sebuleni? Zote tatu. Nyimbo za Shetani vivyo hivyo: zinazomhusu, alizozitunga, au anazoimbiwa. Mzee wetu alirukia ya tatu bila kupitia ya kwanza. Lakini ni yeye huyo anayewasimulia wajukuu hadithi za sungura, na hakuna mjukuu aliyewahi kudhani kwamba sungura ndiye mtunzi.

Chukua Robert Johnson, mwimbaji wa blues wa Marekani. Watu husema aliiuza roho yake kwenye njia panda, na ushahidi wanaoutoa ni wimbo wake wa njia panda wa 1936. Usikilize. Mtu anapiga magoti, anamwomba Mungu amhurumie. Shetani hayumo kabisa! Anaingia katika wimbo mwingine, wa 1937, ambapo anabisha mlangoni alfajiri na wawili hao wanaondoka bega kwa bega. The Rolling Stones, bendi ya Uingereza, mwaka 1968 walimpa Shetani nafsi ya kwanza, akajieleza kwa adabu zote kama mgeni rasmi. Na mwaka 1979 Charlie Daniels, Mmarekani mwingine, akaimba jinsi alivyoshindwa kupiga fidla na kijana aitwaye Johnny. Zipange hivyo na kisa kinakamilika. Kinyozi wangu ameuweka huo wa Johnny katikati, jambo ambalo kwangu ndilo kosa pekee la orodha yake.

Neno lenyewe shetani tumelipata kwa Waarabu, nalo lina udugu na satan la Kiebrania, yaani mpinzani. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu 22, anayesimama njiani kumpinga Balaamu ni malaika wa Bwana, na Kiebrania kinamwita kwa neno hilohilo. Ibilisi ni habari nyingine: wengi hulihusisha na diabolos la Kigiriki, maana yake msingiziaji. (Sitasema nani alikuwa akimsingizia nani pale kinyozi.)

Nakuru tuna mtego wa ziada. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, na kwa vijana wa leo ni wimbo wowote unaovuma. Kwa Kikikuyu ngoma ni mizimu, na kanisani ikageuka mapepo. Ndiyo maana Menengai, pale juu yetu, huitwa Kirima kia Ngoma, na watu huifasiri kuwa mlima wa mashetani. Kwa hiyo kijana akipaza sauti "weka ngoma nyingine", nyanya aliyeketi kando ana haki kabisa ya kushtuka. Yeye simlaumu.

Lakini mzee namlaumu kidogo. Hii ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada ya Shetani, na katika miaka ile kusemwa tu kulitosha kumharibia mtu jina. Kama nyimbo ni za kumwabudu, sema za kumwabudu. Kama zinamsimulia, sema zinamhusu, na ukitaka useme pia kwamba hazikupendezi, kwa kuwa hilo ni haki yako na halihitaji ki- yoyote.

Na rudi kwa kinyozi, mzee wangu. Upande wa kushoto bado unakungoja, na ameahidi kukuwekea benga.