Tenzi ni wimbo wa namna gani?

Kwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki, tenzi ni ule wimbo ulio kitabuni, wenye namba na beti, unaoimbwa na kusanyiko zima. Kisarufi umoja wake ni utenzi, lakini waumini husema "tenzi namba kumi na mbili" bila kusita, nami nitasema kama wao.

Si kila wimbo wa kanisani ni tenzi. Pambio ni fupi, hurudiwarudiwa kwa makofi na ngoma, na mgeni hulishika kabla halijaisha. Wimbo wa kwaya umefanyiwa mazoezi wiki nzima, sauti ya kwanza hadi besi, nasi wengine tunakaa kusikiliza. Tenzi ni ya wote, mwenye sauti nzuri na asiye nayo. Ndiyo maana melodi yake haipandi mno wala haishuki mno, na kila beti inarudi kwenye melodi ileile. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliweka masharti matatu: iwe sifa, iwe sifa ya Mungu, na iimbwe. Likikosekana moja, hiyo si tenzi.

Jina lenyewe Wakristo hawakulibuni. Waswahili wa pwani walikuwa na tenzi kabla misheni hazijachapa kitabu hata kimoja cha nyimbo. Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alipotaka kumwusia binti yake, mnamo 1858, alimtungia utenzi. Waliotafsiri Biblia wakalikuta neno tayari lina kazi, wakaliweka katika Wakolosai 3:16: "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni." Tazama kitenzi kinachotangulia hapo: mkifundishana. Tangu mwanzo tenzi ni ibada na darasa kwa pamoja.

Kinachoiwezesha kufanya kazi zote mbili ni hesabu ya mizani, yaani silabi. Beti ya utenzi wa pwani ina vipande vinne, kila kipande mizani minane. Sasa nenda Milano, Italia, mwaka 386. Justina, mama wa kaisari, alitaka kanisa wapewe Waario, watu waliofundisha kwamba Mwana si sawa na Baba. Waumini wakakesha kanisani pamoja na askofu wao, Ambrosi, naye akawafanya waimbe ili wasizimie moyo kwa huzuni. Beti za Ambrosi ni za mistari minne, kila mstari silabi nane. Ni kipimo kilekile cha Mwana Kupona, ingawa hakuna aliyeiga kwa mwenzake. Mistari minane-minane inakaa kichwani, na anayeimba Utatu usiku kucha asubuhi ana mafundisho ya Utatu mdomoni hata kama hajui kusoma.

Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa huko Ujerumani, aliijua nguvu hiyo. Vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilitoka 1524, na katika dibaji ya kimojawapo alisema anataka vijana wapate kitu bora cha kuimba. Amri Kumi, Imani na Baba Yetu akazitungia nyimbo, kwa hiyo katekisimu, yale mafundisho ya msingi ya imani, ikaimbwa nyumbani na shuleni.

Huku kwetu shule na kanisa vilikua pamoja. Waganda waliwaita Wakristo wa mwanzo abasomi, Wakikuyu wakawaita athomi, maana yake wasomaji. Mtoto wa shule ya misheni alishika kitabu cha nyimbo akiwa anajua tayari maneno yake kwa moyo, kisha kidole kikafuata mstari mpaka herufi na sauti zikakutana. Sidhani kuna njia ya upole kuliko hiyo ya kujifunza kusoma.

Muziki nao ulikuja kwa herufi. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeanza kuandika noti kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t, na mchungaji John Curwen akaueneza mfumo huo kuanzia miaka ya 1840, baada ya kuombwa atafute njia ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule ya Jumapili. Hizi ndizo solfa ambazo mwalimu wa kwaya bado anaziandika ubaoni kwa chaki: juu "Doh ni G," chini safu nne za herufi, nukta na vistari. Hazihitaji kinanda wala karatasi maalumu, na taipureta yoyote iliweza kuzichapa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga tenzi yake kwa njia hiyo mwaka 1897. Leo kila mtoto wa Tanzania anaimba melodi yake akiwa mstarini shuleni, kwa maneno ya "Mungu Ibariki Afrika."

Tafsiri ilikuwa na ugumu wake, na ukiimba kwa makini utausikia. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na mstari wa tenzi zao mara nyingi unaishia kwenye silabi nzito. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake neno "Mungu," ambalo kila mtu hutamka kwa uzito kwenye Mu-, likija mwisho wa mstari linavutwa mpaka -ngu inakuwa ndefu na nzito. Mizani nayo inabana. "Nitakwenda kwa Mwokozi" ni minane. Melodi ikitaka saba, mtafsiri anaandika "Naenda kwa Mwokozi," na wakati ujao unapotea. Kwa hiyo ninazipenda hasa tenzi zilizozaliwa katika Kiswahili. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa melodi ya Kitanzania, na sasa Wajerumani wanaiimba Pasaka kwa Kijerumani.

Kuna desturi moja inayoniuma. Muda ukibana, kiongozi anasema, "Tuimbe beti ya kwanza na ya mwisho." Tenzi njema imejengwa kama hoja: beti ya kwanza inaita, ya pili inaungama, ya tatu inaeleza msalaba, ya nne inatazama mbinguni. Ukiruka katikati umemfikisha mtu mbinguni bila kumpitisha msalabani, na mtoto aliyesimama pale hatapata somo hilo kwingine.

Nyumbani kwetu aliyezijua beti zote ni bibi, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza. Msibani, usiku, umeme ukiwa umekatika na vitabu havionekani, ndiye alianzisha. Vijana tulimfuata vizuri beti ya kwanza. Ya pili tulishika nusu. Ya tatu akabaki peke yake, anaimba taratibu gizani, neno kwa neno, mpaka kiitikio kikatupa nafasi ya kuingia tena.