Fungate Zanzibar kutoka Kigoma: yanayosemwa na yalivyo

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Kigoma, mazungumzo ya fungate huishia Zanzibar: hoteli ya kifahari ufukweni, usiku mmoja Dar njiani, picha ya jahazi jua linapozama. Ni safari nzuri na inawezekana. Ila wengi hurudi na manung'uniko, na chanzo chake mara nyingi ni maneno ya kusikia waliyoyabeba tangu nyumbani.

Linalotuponza zaidi sisi watu wa ziwani ni hili: "Maji ni maji, ukishafika ufukweni unaogelea tu." Tumezoea Tanganyika. Ukishuka ufukwe wa Kibirizi asubuhi unayakuta maji pale ulipoyaacha jana. Ziwa hupanda na kushuka, ndiyo, lakini kwa misimu na miaka. Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, ufukwe ni tambarare, kwa hiyo maji yakipwa hurudi nyuma mbali kabisa kuelekea mwambani. Unabaki uwanda wa mchanga wenye madimbwi, na akina mama wameinamia kamba za mwani zilizofungwa kwenye vijiti. Panapendeza sana kutembea na kutazama. Kuogelea, hapana.

Na hapa kuna jambo ambalo maharusi hawaambiwi. Wengi huchagua tarehe za mwezi mpevu kwa ajili ya usiku wenye mbalamwezi. Bamvua huja siku hizohizo, na pia mwezi unapoandama. Siku za bamvua maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, muda uleule mnaotoka kwenye chai na taulo begani, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, bahari haiendi mbali na asubuhi mnaikuta imejaa. Basi angalieni mwezi kabla ya kulipia chumba, au nendeni kaskazini, Nungwi na Kendwa, ambako kina huanza karibu na mtu anaweza kuingia majini karibu saa zote. Ushauri wangu ni Nungwi kwa anayependa kuogelea, mashariki kwa anayetaka utulivu. Kote vaeni viatu vya majini, maana penye miamba kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mguu ukichomwa siku ya kwanza fungate imeharibika.

"Mvua zikikatika huku, na kule zimekatika." Si hivyo. Kigoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Unguja wana masika, Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Januari na Februari, sisi tukiwa tunakanyaga tope la Mwanga hapa mjini, kule ni jua kali na upepo wa kaskazi. Juni hadi Septemba ni upepo wa kusi: hali ya hewa kavu na nzuri, ila boti huyumba, kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae sehemu ya chini ya boti, nyuma, mbali na ncha ya mbele. Aprili na Mei bei hushuka sana, lakini ulizeni kwanza kama hoteli iko wazi, kwa sababu baadhi hufunga masika yote.

Wapo wanaosema kulala Dar ni kutupa hela. Kwa anayetoka Kigoma mimi naona ni kinyume chake. Treni yetu ya reli ya kati husafiri kilomita zaidi ya 1,200, na kuchelewa kwake tunakujua. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 imesaidia, ila kuiunganisha na ya zamani pale Dodoma kunataka muda wa ziada. Hata ndege ikibadilishiwa saa, boti ya mwisho ya kasi huondoka alasiri, na kati ya uwanja wa ndege na bandari kuna foleni. Mkiikosa mtalala Dar bila kupanga, huku chumba cha Nungwi mmekwishakilipia. Upangeni kabisa usiku huo wa Dar: jioni Coco Beach mle mihogo, asubuhi mpitie soko la samaki Feri kabla ya boti. Kariakoo iacheni hadi mnaporudi.

Kuhusu bei, "kila kitu kimo" hakimaanishi kila kitu. Kwa kawaida humaanisha malazi, milo na baadhi ya vinywaji. Gari la kutoka bandarini hadi Nungwi, mwendo wa zaidi ya saa moja, na boti ya kwenda kuzamia kisiwa cha Mnemba mara nyingi hulipiwa kando. Halafu msikubali bei ya mtandaoni kabla hamjapiga simu kuuliza bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Zanzibar wanayo, na inaweza kuwa chini sana ya bei anayolipa mgeni wa nje.

Pasipoti haihitajiki kwa Mtanzania, kitambulisho cha taifa kinatosha. Bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi. Na nguo za kuogelea ni za hotelini na ufukweni. Mji Mkongwe funikeni mabega na magoti, kama ambavyo mngefanya mkipita Ujiji, na ikiwa ni Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana.