Nzi akitua juu ya samaki, si cheti cha ubichi

Ukisita mbele ya beseni la changu pale Feri, Mtwara, muuzaji atakutoa hofu: "Usiogope nzi, dada. Wakitua, ujue samaki hana dawa ya kumhifadhi, ni mbichi." Wateja wengi wanaikubali hoja hiyo. Ni potofu.

Nzi hafuati ubichi, anafuata harufu, na samaki anayeanza kuharibika ndiye humvutia zaidi. Samaki wa alfajiri aliyelala kwenye barafu huwapata wachache. Anapotua, nzi huonja kwa miguu, hutema mate kulainisha chakula, kisha hufyonza. Miguu hiyohiyo huenda ilitoka chooni muda mfupi uliopita. Ubichi utazame kwenye samaki mwenyewe: macho yamejaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi.

Kupunga tawi la mwarobaini kunawahamishia nzi meza ya jirani tu. Kwao ni kwenye matumbo na magamba yaliyotupwa nyuma ya kibanda, na msimu wa korosho ukifika, mabibo yanayooza huongezea. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na kwa joto letu nzi kamili hutoka baada ya wiki moja hivi, au siku kumi. Uchafu ukizolewa kila jioni, funza hawafiki huko.

Mezani, funika kwa neti safi, lakini si chandarua chenye dawa ya mbu! Na mkono unaopokea noti usirudi kwenye samaki kabla haujanawa kwa sabuni.