Saanane asubuhi ya kipupwe: madoa meupe kwenye mawe

Watu wa Njombe wakinisikia nalalamikia baridi ya Mwanza hucheka, na wana haki. Julai kwetu ni sweta la asubuhi tu; ikifika saa nne umeshalifunga kiunoni. Ila kwa sisi tunaofuatilia viumbe vya mwambao, huu ndio mwezi wenyewe. Mvua zimekata, mawe yamekauka, na jiwe likikauka linaonyesha kila kilicholipitia.

Jumamosi nilivuka kwenda kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria, na kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Boti inaondokea Capri Point, hapa Mwanza mjini, safari ya dakika chache. "Mwangaluka, mwalimu," nahodha akanisalimu. "Leo msikae sana. Saa saba muwe mmegeuka." Nikaitikia kama mtu anayejua mambo.

Kwa wasiokijua: kisiwa kinabeba jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale kabla hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote tulizonazo: kilomita za mraba 2 na ushee, tena ukijumlisha na maji yanayokizunguka. Unaweza kukimaliza asubuhi moja kwa miguu. Sisi hatukukimaliza, na kosa ni langu.

Hatujafika mbali kijana akanionyesha michirizi meupe iliyoteremka ubavuni mwa jiwe kubwa, kama mtu kamwaga ndoo ya chokaa. "Kinyesi cha ndege," akasema. Nikamwambia asogee anuse. Alirudi amekunja uso.

Ule ni mkojo wa pimbi, mnyama wa mawe mwenye umbo la sungura. Ukoo mzima wa pimbi hujisaidia mahali pamoja, miaka nenda miaka rudi, na mkojo wao una madini ya chokaa ambayo maji yakikauka yanabaki jiweni. Ndiyo maana mchirizi huanzia kwenye ufa au chini ya jiwe lililoinama, mahali ambapo ndege hana sababu ya kutua. Pembeni yake utaona rangi ya kahawia, na chini vinyesi vidogo vya duara. Wenyewe tuliwakuta juu yake, kumi na mmoja, wamejibanza kama abiria wa daladala, matumbo yameelekea jua. Pimbi hawezi kushikilia joto la mwili wake vizuri kama sisi. Usiku wa baridi humpoza, kwa hiyo asubuhi huota jua kwanza, chakula baadaye. Wakati wa joto, saa kama ile ungewakuta wameshaingia kivulini. Ukimwambia mtu kwamba ndugu wa karibu wa huyu mnyama ni tembo, anadhani unamtania.

Weupe wa pili ndio wa ndege kweli. Huu hauchirizi kutoka kwenye ufa. Unarukia huku na huku, umepaka kilele cha jiwe na matawi ya mti uliopo juu yake, na unanuka samaki. Mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki, hulala hapo. Wakishakula hutapika vitonge vya mifupa ambavyo haviyeyuki tumboni, na chini ya mti vilikuwa vimetapakaa. Nilikibonyeza kimoja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na miiba myembamba kama uzi, magamba, na kipande cha pembetatu kisichozidi punje ya mchele, kimejaa vijimeno upande mmoja. Hilo ni taya la kooni la furu, samaki wadogo wa ziwa hili.

Hapo tukakaa karibu saa nzima, na sijutii. Miaka ya 1980 sangara alipotamalaki ghuba hii, furu walikaribia kwisha. Mdiria, yule wa madoadoa meusi na meupe anayepigapiga mabawa hewani kabla ya kujitupa majini, alikuwa akila furu zaidi. Ikabidi ahamie kwa dagaa. Dagaa ni mwepesi, kwa hiyo kushiba kunadai mbizi nyingi zaidi. Baadaye furu wamerudi, ingawa aina nyingi hazikurudi. Kijana amezaliwa dagaa na sangara wakiwa ndiyo ziwa lenyewe. Kale kataya ka furu alikageuza kiganjani muda mrefu, kisha akakarudisha palepale, maana hifadhini hatuchukui kitu.

Weupe wa tatu hauna harufu, na mkao wake ni mlalo. Hakuna mnyama anayechora mstari ulionyooka hivyo kulizunguka jiwe zima. Hiyo ni kazi ya maji. Juu ya mstari jiwe lina zile koga za kijivu na kijani zinazoganda, ambazo kitaalamu huitwa likeni. Chini yake jiwe ni tupu. Kwa maneno mengine, hapa jiwe halikupakwa rangi, limevuliwa nguo: maji yakilifunika kwa muda mrefu, likeni hufa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiasi, na miti ya ukingoni iliyosimama majini mizizi ikakosa hewa bado imesimama mikavu. Wazee wanakumbuka pia miaka ya 1961 hadi 1964, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili. Kwa kawaida maji hufika juu Mei au Juni, halafu hushuka taratibu kiangazi chote, ndiyo maana chini kabisa kulikuwa na utepe mwingine wa utelezi wa kijani, bado mbichi. Msiukanyage. Na majini msiingie, kuna mamba, na kichocho hakichagui.

Wageni kutoka Ulaya huniuliza mbona Julai hawawaoni mbayuwayu wa kwao. Wako hukohuko Ulaya, ambako sasa ni majira ya joto. Watakuja huku baridi yao ikianza.

Sasa lile neno la nahodha. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, hivyo asubuhi upepo hutoka nchi kavu. Jua likipanda ardhi hupata moto upesi, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo unageuka. Nimewaeleza watu jambo hili mara nyingi, na bado saa nane tulikuwa chini ya mti wa mnandi tukihesabu vitonge.

Tulivuka tukiwa tumeshikilia kingo za boti, mawimbi yakituchapa ubavuni. Nahodha hakusema neno, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Capri Point tukafungua madaftari. Ya kijana, aliyeandika kwa penseli, yalisomeka yote. Langu, la kalamu ya wino, lilikuwa doa moja la bluu.